Pete ya muda na pete ya kudumu: kwa sonara mmoja wa Arusha

Nilimvisha mchumba wangu pete ya fedha ya bei nafuu, nikamwahidi kwamba ile ya kudumu tutaichagua pamoja, kwa kuwa yeye ndiye atakayeivaa kila siku. Sonara tuliyemwendea katikati ya jiji la Arusha alitueleza, kabla hata ya kutaja bei, kwamba tanzanaiti, ingawa huchimbwa Mererani pekee duniani kote na buluu yake kwa kawaida hutokana na kupashwa joto, ina ugumu wa kati ya 6 na 7 tu katika kipimo cha Mohs, yaani kipimo cha ugumu wa mawe cha 1 hadi 10, hivyo hukwaruzika kwa urahisi kuliko yakuti yenye 9. Si wauzaji wengi wanaokosoa bidhaa yao wenyewe. Mchumba wangu, ambaye hufua kwa mikono, aliishikilia tanzanaiti vilevile, ila akaomba jiwe lizungushiwe ukingo wa dhahabu ya karati 18 ili kingo zake zikingwe. Kazi ni safi. Kasoro ni kwamba pete ilichelewa siku 9, wala hatukupigiwa simu. Ile ya fedha huivaa siku za kufua, nami, nakiri, bado naipenda zaidi.