Tikka T3x yangu: haina urembo lakini inapiga

Watu wa renji, pale tunapopigia shabaha, wamekuwa wakiniuliza hii bunduki yangu ya Tikka T3x ya .308 (hiyo ni saizi ya risasi) iko aje, basi wacha niandike mara moja niishe nao. Inapiga poa sana. Kiwanda kule Finland kinaahidi risasi tatu ndani ya MOA moja (kipimo cha pembe cha usahihi), yaani kama sentimita 2.9 ukiwa mita 100, na yangu nikiipa risasi inayoipenda inafika hapo. Hapa Kenya uwindaji ulipigwa marufuku 1977 kwa hivyo sisi ni kutoboa karatasi tu, usahihi ndio kila kitu.

Ukiishika utashangaa pesa zote zimeenda wapi, kitako ni plastiki tupu. Zimeenda kwa mtutu na risiva, ile sehemu ya chuma inayoshika mtutu na inakopitia risasi. Mtutu unafuliwa kwa nyundo chuma kikiwa baridi, wanachukua chuma kilichotobolewa wanakivisha kwenye kijiti kigumu chenye michirizi iliyogeuzwa (michirizi ndiyo huzungusha risasi), halafu mashine inagonga kutoka nje mpaka ile michirizi inajichapa ndani, na kazi yote ni dakika chache. Risiva nayo inachongwa kutoka kipande kimoja, na dirisha la kutolea maganda wameliacha dogo, chuma kinabaki kingi, haipindiki ovyo ukifyatua.

Bunduki niliyokuwa nayo kabla ya hii, kampuni sitaji, ilikuwa na kitako cha mbao kizuri mpaka watu wanaomba kuishika. Shida ni mvua za Aprili. Mbao inafura, inaegemea mtutu, risasi zinahamia upande, kiangazi kikija zinarudi, unarekebisha skopu, ile darubini ya kulengea, mpaka unachoka na kumbe skopu haina makosa. Fundi alipitisha noti ya mia kati ya mtutu na mbao ikakwama katikati. Kwa Tikka noti inateleza mpaka karibu na risiva. Mtutu lazima utetemeke ukifyatua, hilo huwezi kuzuia, unachotaka ni utetemeke vilevile kila mara, na ukiguswa na kitu kinachobadilika na hali ya hewa hiyo imeenda.

Kuna mzee mmoja pale renji hushikilia kwamba bunduki sahihi ni ile imefungwa na fundi kwa mkono. Mzee namheshimu lakini hapo hapana. Bunduki za kiwandani nazo zinapiga sahihi. Kampuni ya Savage walipotoa bunduki ya Model 110 mwaka 1958 walifunga mtutu kwa nati, mfanyakazi anaweka geji (kipimo) kwa chemba, pale risasi inapokaa, anazungusha mtutu mpaka uguse, anakaza nati, basi. Remington 700 ya 1962 risiva yake ni ya mviringo kama bomba, na kitu cha mviringo ni rahisi kukikereza kikae mstari mmoja na tundu lake. Walikuwa wanapunguza gharama, usahihi ukaja juu yake.

Triga ya Tikka, pale pa kufyatulia, ni safi, unaweza kupunguza nguvu ya kuivuta, sina la kuongeza.

Kama unapenda kupiga mfululizo usichukue mtutu mwembamba wa kampuni yoyote ile, ukishika moto risasi zinaanza kutawanyika, chukua mzito uvumilie kuubeba. Na ukishapata laiseni usimalize pesa zote kwa bunduki, bakisha za kununua aina tatu nne za risasi ujaribu, kwa sababu mitutu miwili ya kiwanda kimoja inaweza kupenda risasi tofauti kabisa.