Huduma ya Kuhamisha Kaseti: Nakala Isiyosafishwa Ndiyo Iliyonirudishia Rafiki Yangu

Marehemu rafiki yangu alinirekodia kaseti 11 enzi za urafiki wetu, na tangu alipofariki nilikuwa sijathubutu kuzicheza, kwa sababu redio yangu ya zamani ilikwisha kuitafuna moja nikabaki kuuzungusha utepe kwa kalamu huku mikono ikinitetemeka. Mwishowe nilizipeleka kwenye huduma ya kuhamisha sauti kutoka kwenye kaseti hadi kwenye faili za kompyuta. Nimekwisha kuzisikiliza zote, na ninaandika tathmini hii kwa ajili ya yeyote aliye na sauti ya mpendwa wake ndani ya droo.

Hofu yangu ilikuwa na msingi. Kaseti ya aina hii ililetwa na Philips mwaka 1963, na utepe wake, ambao upana wake haufiki hata milimita 4, hupita mbele ya kichwa cha kusomea kwa mwendo wa sentimita 4.76 kwa sekunde. Kaseti ya dakika 90 ina utepe mwembamba kuliko ya dakika 60, kwa hiyo huwa nyepesi kuvutika na kujikunja. Marehemu alizipenda zile za dakika 90, kwani hakuvumilia wimbo ukatwe katikati eti upande umekwisha.

Kazi ya fundi ilinipendeza sana. Kabla ya kurekodi chochote, alizizungusha kaseti zote hadi mwisho na kuzirudisha mwanzo ili utepe uachane na mahali uliponata. Moja ilikuwa imepoteza kile kisponji kidogo kinachoubana utepe kwenye kichwa, naye akauhamishia utepe huo kwenye ganda jingine. Kisha akafanya jambo ambalo sikulijua: kwa kila kaseti alikaza au kulegeza skrubu ndogo inayoinamisha kichwa, akisikiliza hadi sauti za juu zikang'aa. Alinieleza kwamba kila mashine hurekodi kwa pembe yake, na kwamba kichwa kisipolingana na pembe hiyo, muziki husikika kama uliofunikwa blanketi.

Lawama yangu kubwa ni kwamba awali nilitumiwa nakala iliyosafishwa peke yake. Programu ya kusafisha huchukua sampuli ya mvumo wa utepe mahali palipo kimya, kisha huondoa kila kinachofanana nao. Kwa albamu iliyorekodiwa studio, huenda mtu akashukuru. Lakini marehemu alikuwa akiweka kinasa sauti mbele ya spika, yeye mwenyewe akiwa chumbani, na yote aliyoyafanya kwa sauti ya chini yalihesabiwa kuwa uchafu. Niliisikiliza nakala hiyo jioni nzima nikiona kuna kitu kimepungua, nisijue ni nini, hadi nilipoandika kuomba ile ghafi, wakanitumia bila ubishi.

Katika nakala ghafi, upande B wa kaseti ya nne, unasikika ukucha wake ukigonga meza kufuata ngoma. Kiti kinalia. Anavuta pumzi, kisha anaanza kuimba besi kwa mdomo, nusu toni chini ya wimbo, na ghafla ananyamaza na kusema polepole, kana kwamba nimeketi karibu naye: "Hapa. Sikiliza gitaa la ridhimu." Tulibishana miaka mingi juu ya hilo. Mimi nilikuwa mtu wa mwimbaji na maneno, yeye akishikilia kwamba wimbo mzima umesimama juu ya gitaa lile ambalo hakuna anayelipigia makofi. Nilirudisha nyuma mara tatu, na mara ya tatu nililisikia gitaa hilo waziwazi, likirudia mapigo yake yaleyale chini ya sauti zote, bila kuyumba. Kwenye nakala iliyosafishwa, mahali hapo pana mlio kama wa maji, ukucha haupo, na neno "hapa" limemezwa.

Kwa hiyo, anayepeleka kaseti za namna hii aagize nakala ghafi tangu mwanzo, tena katika faili zisizobanwa, hata kama kaseti moja ya dakika 90 itachukua karibu megabaiti 950. Mapungufu mengine ni madogo: kazi ilichelewa, na faili zilipewa namba tu ilhali marehemu alikuwa ameandika majina ya nyimbo kwa mkono kwenye kila jalada. Ninaipa huduma hii nyota nne kati ya tano, na ya tano ingepatikana kama wangeniuliza kwanza.

Kaseti zenyewe zilirudi zikiwa salama. Moja ilikuwa kaseti ya dukani iliyouzwa ikiwa na muziki tayari, na marehemu alikuwa ameziba kwa selotepu matundu yake ya mgongoni, ambayo yakiwa wazi huzuia kurekodi, ili aweze kurekodi juu yake. Fundi aliniuliza kama aibandue, isije sauti ikafutwa kwa bahati mbaya. Nilimwomba aiache, kwa kuwa ukingoni mwake bado kuna alama za meno aliyoikatia.