UNO: wiki nzima na karata 108 mkobani

Pakiti hii ya karata za UNO nimezunguka nayo wiki nzima chuoni, na siku sitakayoisahau ni Jumatano. Tulitoka kwenye jaribio la takwimu tumechoka, hakuna aliyetaka kuongea. Mwenzangu wa chumbani akachanganya karata, akatugawia saba saba pale pale sakafuni. Muda si mrefu jirani akaja mlangoni kuuliza kelele za nini, naye akakaa.

Mchezo huu ulibuniwa mwaka 1971 na Merle Robbins, kinyozi wa Ohio, Marekani. Unafuatisha rangi, namba au alama ya karata iliyo juu. Ukibakiwa na karata moja, usipotamka "Uno" wenzako wakakuwahi, unaokota 2. Mgeni anaushika kabla raundi haijaisha, na hilo ndilo ninalolipenda zaidi: Ijumaa, tulipomsherehekea rafiki yetu siku yake ya kuzaliwa, watu ambao hawakuwahi hata kusalimiana walikuwa wanagombania nafasi ya kucheza.

Ubishi wetu mkubwa: ukitupiwa +2, yaani karata ya kukuokotesha mbili, unaweza kuweka +2 yako juu? Kanuni rasmi zinakataa. Unaokota na zamu inakupita. Sisi tumekubaliana iruhusiwe, na jamaa mmoja akaokota 8 kwa mkupuo, karata zikamjaa hazishikiki. Chumba kizima kililipuka.

Mkizidi sita, zamu inachelewa na watu wanarudi kwenye simu. Wanne au watano ndiyo raha yenyewe. Saba nyekundu imeshajikunja kona. Nimeilaza chini ya kitabu kizito, maana Jumapili tunacheza tena.