Bunduki ya nusu otomatiki ya kulinda nyumba Marekani: ipi ununue bila kumaliza akiba ya familia

Anza na sheria kabla hujapenda bunduki yoyote. Kwa sheria ya shirikisho la Marekani, mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu anaruhusiwa kununua. Aliyeko kwa viza ya muda, hata mwanafunzi, kwa kawaida haruhusiwi, na akikutwa na silaha anaweza kufungwa kisha afukuzwe nchini. Nawasihi ndugu zetu wageni wasipuuze jambo hili. Halafu kuna sheria za majimbo: California, New York, New Jersey, Illinois na Washington ni miongoni mwa yaliyozuia au kubana sana bunduki za aina ya AR-15 (bunduki ndefu ya nusu otomatiki, yaani inajipakia yenyewe na hupiga risasi moja kila ukivuta kifyatulio). Ukivuka hapo, dukani utajaza fomu namba 4473 na taarifa zako zitakaguliwa kabla ya kukabidhiwa.

Swali la kwanza la wanunuzi wengi ni shabaha. Hata AR-15 ya bei nafuu, ikiwa nzima, hukusanya risasi zake ndani ya sentimita 12 kwenye umbali wa mita 100. Ukisogea hadi mita 10, umbali wa ukumbi mkubwa, tofauti hiyo inabaki kama sentimita moja. Kwa hiyo usiongeze dola 500 kununua shabaha ambayo nyumba yako haina nafasi ya kuitumia.

Kinachowakosesha watu ni kingine. Kwenye AR-15 kilengeo hukaa sentimita sita hadi saba juu ya mtutu. Ukilenga kitu kilicho mita tano mbele yako, risasi itapiga karibu sentimita sita chini ya pale ulipoweka nukta ya kilengeo. Nenda uwanja wa shabaha, bandika karatasi karibu, piga risasi chache, na uone kwa macho yako. Bunduki ya dola 600 na ya dola 2,000 zitakupa pengo lilelile.

Chaguo langu la kwanza ni Smith & Wesson M&P15 Sport III, iliyotoka mwaka 2024. Mtutu wake ni wa inchi 16, urefu wa chini kabisa unaokubalika kwa bunduki ya kawaida kwa sheria ya shirikisho. Bomba lake la gesi (linaloifanya ijipakie yenyewe) ni refu kuliko la AR fupi za zamani, hivyo haisukumi bega kwa pupa na nukta hurudi upesi mahali pake. Mkono wa mbele (sehemu ya kushikia inayozunguka mtutu) una nafasi ya kufunga tochi bila kununua mkono mwingine. Vipuri vya AR vimejaa kila mahali, na magazini zake (visanduku vya risasi) ni za bei rahisi.

Ruger AR-556 inaifuata kwa karibu sana. Ya kawaida huja na vilengeo vya chuma, kwa hiyo unaweza kuanza mazoezi siku hiyohiyo. Naiweka ya pili kwa sababu kufunga tochi kwenye mkono wake wa plastiki kunahitaji gharama ya ziada. Ukiikuta kwa bei ya chini kuliko ya kwanza, chukua bila wasiwasi.

Ya tatu ni Ruger PC Carbine, inayotumia risasi za bastola za milimita 9, na kuna nyumba ambazo ningeiweka ya kwanza. Mama mzee, au mtu mwembamba asiyezoea silaha, ataidhibiti vizuri. Risasi zake ni nafuu, kwa hiyo atafanya mazoezi zaidi. Inatenganishwa vipande viwili, na kwa kubadilisha kishikio cha magazini inakubali magazini za Glock. Jambo kubwa zaidi ni sauti: risasi ya 5.56, ile ya AR-15, ikipigwa ndani ya chumba inaweza kuharibu masikio papo hapo. Ile ya milimita 9 kutoka mtutu mrefu bado ni kali, ila inavumilika zaidi.

AR za kampuni ya Palmetto State Armory ndizo huwa za bei ya chini, na nyingi zinafanya kazi vizuri. Masharti yangu ni haya: piga angalau risasi 200, zikiwemo zile utakazoweka nyumbani, kabla ya kuiamini. Kel-Tec Sub-2000 naiweka mwisho. Inakunjika katikati na ni nyepesi mno, sifa nzuri kwa msafiri, lakini wepesi huo unaifanya ipige shavu na bega kuliko ukubwa wa risasi yake.

Kuta nazo zifikiriwe. Risasi yoyote inayoweza kumzuia mtu itapenya ukuta wa jasi wa nyumba za Marekani, na chumba cha pili kinaweza kuwa cha mtoto. Risasi nyepesi za 5.56 zinazopasuka huelekea kuyumba na kupoteza nguvu upesi baada ya kugonga ukuta kuliko nyingi za milimita 9, ila hakuna iliyo salama. Panga mapema upande gani wa nyumba hutaelekeza mtutu kamwe.

Ukiwa na dola 900, usizimalize zote kwenye bunduki. Tenga za tochi yenye mwanga mkali, kwa sababu anayefungua mlango saa nane usiku mara nyingi ni kijana wako aliyechelewa kurudi. Tenga za mkanda wa kubebea bunduki, magazini tatu na risasi za mazoezi. Halafu nunua sefu ya kufunguka haraka kwa namba za kubonyeza, uifunge kwa boliti kwenye sakafu au nguzo ya ukuta. Ijaribu gizani, taa zote zikiwa zimezimwa, bunduki ikiwa tupu, hadi vidole vyako vizijue namba bila kuziona. Watoto wasizijue kabisa.