Tathmini: kipengele cha kudhibiti urefu katika huduma ya tafsiri ya mashine

Kwa mtu anayetafsiri maandishi ya programu za simu na manukuu ya filamu, usahihi wa maana ni nusu tu ya kazi, na nusu iliyobaki ni nafasi. Kitufe kina upana wake, ujumbe wa simu una kikomo chake, na mstari wa manukuu, ambao kwa kawaida hauruhusiwi kuzidi takribani alama 42 (yaani herufi, nafasi na vituo vyote vikihesabiwa), huondoka kwenye skrini kabla mtazamaji hajamaliza kuusoma iwapo umejazwa kupita kiasi. Kwa sababu hiyo nimekichunguza kwa makini kipengele cha kudhibiti urefu katika huduma moja ya kulipia ya kutafsiri kwa mashine. Sitaitaja kwa jina, kwa kuwa sifa zake na kasoro zake nimezikuta pia kwa washindani wake.

Mtumiaji huchagua kati ya tafsiri fupi, ya kawaida na ndefu, au huandika katika kisanduku idadi ya juu ya alama anazozitaka. Njia hizi mbili hazilingani hata kidogo kwa ubora, na hilo ndilo jambo kubwa la kulielewa kabla ya kulipia.

Njia ya kwanza ina msingi mzuri. Mwaka 2019 watafiti Surafel Lakew, Mattia Di Gangi na Marcello Federico walionyesha kwamba modeli ya kutafsiri inaweza kufunzwa kwa jozi za sentensi zilizotiwa lebo kufuatana na uwiano wa urefu wa tafsiri na urefu wa matini chanzi, yaani maandishi yanayotafsiriwa, ili wakati wa kutafsiri lebo hiyo iielekeze modeli ichague maneno mafupi au marefu tangu mwanzo wa sentensi. Kufikia mwaka 2022 IWSLT, mkutano wa kimataifa wa watafiti wa tafsiri ya lugha ya mazungumzo, uliweka shindano maalumu ambamo tafsiri ilitakiwa isizidi wala isipungue matini chanzi kwa zaidi ya asilimia 10 ya idadi ya alama, kwa kuwa anayeingiza sauti ya lugha nyingine katika filamu anahitaji maneno yatakayotoshea muda uleule. Kubana kwa namna hii hutokea ndani ya utungaji wenyewe wa sentensi. Ni tofauti kabisa na kuiacha mashine itunge ipendavyo kisha kukata mkia.

Chukua onyo la kawaida la kifaa kinachopokea toleo jipya la programu. Bila kudhibitiwa, mashine ilitoa “Usizime kifaa hiki hadi usasishaji utakapokamilika”, yaani alama 50 pamoja na nafasi. Nilipochagua tafsiri fupi ilitoa “Usizime kifaa kabla hakijasasishwa”, alama 34, na hakuna kilichopotea: katazo lipo, sharti la wakati lipo, na Kiswahili chake ni kizuri kuliko kile cha kwanza, kwa kuwa kitenzi kimefanya kazi iliyokuwa imeachiwa nomino. Mhariri mzoefu angefikia tafsiri hiyohiyo. Kisha niliandika 20 katika kisanduku, nikapewa “Usizime kifaa”. Kwa hesabu mashine imetii, lakini kwa maana imempiga mtumiaji marufuku kuzima kifaa chake milele, na hapakuwa na ishara yoyote ya kuonya kwamba sehemu ya sentensi imeachwa. Kosa hili ni zito, kwa sababu sentensi iliyokatwa katikati hujifichua yenyewe, ilhali sentensi iliyonyofolewa sharti lake husomeka vizuri na hupita mikononi mwa mhakiki bila kushtukiwa. Huduma inayojiheshimu ingekataa kikomo kisichowezekana na kusema wazi kwamba maana haitoshei.

Jambo la pili ni kipimo. Huduma hii huhesabu alama, na hapo inastahili sifa, kwa maana zipo nyingine zinazohesabu maneno. Kwa Kiswahili hesabu ya maneno haina faida kubwa, kwani “hawatakuhudumia” ni neno moja lenye alama 15 na limebeba mtenda, ukanushi, wakati na mtendwa kwa pamoja. Modeli kubwa za lugha, zile za kuelekezwa kwa maneno, zina tatizo lake: hazioni herufi moja moja bali tokeni, yaani vipande vya maneno, na ukiziambia zisizidi alama 40 mara nyingi hukisia tu. Nazipendelea kwa kupata matoleo matatu au manne ya sentensi moja, kisha programu ya kawaida ifanye hesabu.

Hata hivyo, hesabu ya alama haikumaliza kila kitu upande wa ujumbe mfupi wa simu. Ujumbe mmoja huchukua alama 160, lakini ukiwa na alama hata moja iliyo nje ya orodha ya msingi ya alama za ujumbe wa simu, kikomo hushuka hadi 70. Mashine hii hupenda kuandika “king’amuzi” kwa ritifaa (alama ile ya juu kati ya g na a) iliyopinda, ambayo haimo katika orodha hiyo, badala ya ile iliyonyooka, ambayo imo. Matokeo yake ni kwamba ujumbe wa alama 120, ambao skrini ya huduma inauonyesha kwa rangi ya kijani kuwa uko ndani ya kikomo, hutumwa na kutozwa kama jumbe mbili. Yeyote anayetuma taarifa kwa wateja wengi na abadilishe ritifaa zote kabla ya kutuma.

Kwa manukuu na vitufe naipendekeza huduma hii bila kusita, mradi utumie chaguo la tafsiri fupi na uachane na kisanduku. Kwa maonyo, maelekezo ya dawa na masharti ya mikataba nisingewasha udhibiti wa urefu kabisa. Kwa bahati mbaya mpangilio huu hutumika kwa faili zima, hauchaguliwi sentensi kwa sentensi, kwa hiyo maonyo yatenge katika faili lake tangu mwanzo na uyatafsiri kwa urefu wa kawaida.