Mombo–Lushoto au Muheza–Amani?

Barabara hizi zote zinapanda milima ya Usambara, mkoani Tanga. Ya Lushoto ni lami, kama kilomita 33, nyembamba, kona kali juu ya bonde. Hata gari dogo linapanda. Kazi ni kushuka. Ukikanyaga breki mfululizo kutoka Soni, mji mdogo ulio njiani, mafuta ya breki yanachemka na pedali inazama. Shuka na gia ya pili, piga honi kabla ya kona, mpishe anayepanda. Ukisikia harufu ya kuungua, simama breki zipoe. Usimwage maji, diski zitapinda.

Amani ni karibu zaidi ukitokea Tanga mjini, na msitu wake hauna mfano. Ila kwenye udongo, masika, utelezi si mchezo: nenda na gari la juu, la sivyo subiri kiangazi.