Keki ya jibini ya Shavuot kutoka bekari moja ya Westlands

Shavuot ya Wayahudi huangukia siku ya 50, baada ya kuhesabu siku 49 tangu Pasaka yao: sikukuu ya mavuno ya ngano, na ya Torati kutolewa Sinai. Desturi ni kula vya maziwa, kwani Torati hufananishwa na asali na maziwa chini ya ulimi.

Keki hii ya kilo moja ina ladha safi, haikutiwa sukari ovyo. Ila katikati ina ufa kama shamba la kiangazi. Oveni ilikuwa kali mno: nyuzi 160 zatosha, trei ya maji moto ikae chini, kisha keki ipoe saa nzima ndani ya oveni iliyozimwa, mlango wazi kidogo.

Kosa kubwa ni jeli ya juu, yenye jelatini ya ng'ombe. Wengi wanaoshika kosher, sheria za Kiyahudi za chakula, hawali jelatini ya ng'ombe asiyechinjwa kwa sheria hizo; wangetumia agari, kigandishi cha mwani. Agiza isiyo na jeli.

Mikate yao miwili ya ngano, hiyo chukua bila kusita. Imeumuka vizuri, na ndivyo inavyofaa: Walawi 23:17 inataka mikate miwili yenye chachu, ile ile iliyokatazwa Pasaka.